Rangi ya Gari Nayo Huisha

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa kama plastiki iliyosogezwa karibu mno na moto. Nilipoinua mashine nikaona pedi yangu, ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa nyeupe, imepata mduara wa bluu. Gari lilikuwa la bluu. Kwa sekunde mbili tatu nikajidanganya kwamba ni uchafu tu. Nikapitisha kitambaa kwenye kona ya mlango wa nyuma, likatokea doa la kijivu lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, limezungukwa na pete ya bluu iliyofifia. Hapo sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimeitoboa rangi ya gari la mjomba mpaka kwenye praima.

Mjomba alinipa gari lile kwa moyo mweupe. Alisikia nimenunua mashine ya kupiga polishi, akaniambia, "Haya mpwa wangu, jifunzie kwangu." Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kizamani, nzito, inayozunguka kwenye mhimili mmoja kama grenda. Niliifungulia karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa kuwa nilidhani kasi ndiyo kazi. Nikaweka pedi ya sufu na kompaundi kali, yaani polishi nzito yenye chembe za kukata, nikaikandamiza mashine kama mtu anayefua jinzi. Kwa saa nzima mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri mno, maana mikwaruzo ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yangu. Nikajiona fundi.

Mjomba alipofika alichuchumaa, akaigusa ile kona kwa kidole.

"Hii inarudi?"

"Hairudi, mjomba. Labda mlango upigwe rangi upya."

Akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Haya, maliza zilizobaki. Kona uziache." Wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku ule nilisoma mambo ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kuichomeka mashine kwenye umeme. Rangi ya magari mengi ya siku hizi ni tabaka juu ya tabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao na kuilinda iliyo chini. Ukijumlisha vyote kwenye gari ambalo halijawahi kupigwa rangi upya, mara nyingi unapata kati ya maikroni 100 na 150. Klia peke yake huwa kama maikroni 35 mpaka 50. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Maana yake uwanja wote nilioruhusiwa kuchezea ulikuwa mwembamba kuliko unywele mmoja, nami niliuingia kwa sufu na mizunguko 2,000.

Jambo la pili lilinigeuza akili kabisa. Nilikuwa naamini polishi inaufuta mkwaruzo, kama ufutio unavyofuta penseli. Sivyo. Mkwaruzo ni bonde, na bonde halifutiki. Unachofanya ni kuvishusha vilima vya pembeni mpaka vilingane na sakafu ya bonde. Kwa hiyo kila mng'ao unaouona umelipiwa kwa klia iliyoondoka, na iliyoondoka haikui tena kama nywele. Wahenga waliosema bandu bandu huisha gogo hawakuwa na habari ya magari, lakini sijapata maelezo bora zaidi ya kazi hii.

Kona iliungua kwanza kwa sababu mbili, zote za kimaumbile. Rangi ikiwa bado mbichi huvutika kutoka kwenye ncha na kukusanyika sehemu bapa, kwa hiyo kwenye kingo huwa nyembamba tangu siku ya kwanza. Halafu pedi ikipita ukingoni, nguvu yote ya mkono inaangukia kijimstari kimoja badala ya kutandazwa kwenye eneo pana. Wembamba wa rangi na uzito wa mkono vikikutana na joto, hapo ndipo harufu inapotoka. Siku hizi kabla sijagusa swichi nabandika tepu ya karatasi kwenye kila ukingo, kila mpira, kila plastiki nyeusi isiyopakwa rangi. Inakula muda. Nimekwisha kuzoea.

Niliiweka ile mashine kabatini, nikanunua ya aina nyingine, ile ambayo mafundi wengi huiita DA. Pedi yake inazunguka na papo hapo inayumba, kwa hiyo joto halikai mahali pamoja, na ukiikandamiza kupita kiasi pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Watu wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ni adabu. Nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa sahani inayoshika pedi. Mstari ukionekana unazunguka, kazi inafanyika, na ukisimama najua nimeinamisha mashine au nimeiegemea. Alama hiyo ya wino imenifundisha kushika mashine kuliko video zote nilizotazama.

Sitaki ieleweke kwamba mashine ya kizamani ni mbaya. Nimewaona watu wanaoitumia kwa wepesi kama wanaoandika kwa kalamu, na kwa mikwaruzo mizito kwenye klia ngumu inafanya kwa dakika kumi kile ambacho DA inakifanya kwa nusu saa. Lakini inaacha saini yake. Ukiligeuza gari juani unaona mawingu ya mistari yanayokimbia kila unapohama, kama mafuta juu ya maji. Asiyeiondoa mistari hiyo kwa hatua ya pili yenye pedi laini hajamaliza kazi, hata kama gari linang'aa kivulini.

Na hapo kwenye kivuli na jua ndipo nilipofanya kosa langu kubwa kuliko lile la kona, ingawa hili halikuacha doa.

Nilikuwa nimeanza kufanyia watu kazi. Dada mmoja akaniletea gari jeusi. Gari jeusi ni mtihani, halisamehi kitu. Chini ya taa yangu ya dari lilionekana lina ukungu tu, lakini nilipolitoa nje nikakuta utando wa buibui kuanzia boneti mpaka buti. Wakati huo bado niliamini ile mikwaruzo ni ya duara, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana, pete juu ya pete kulizunguka jua. Nilipoteza karibu jioni nzima nikijaribu kuifuata duara moja kwa kidole, na kila nikihama inahama nami. Mikwaruzo yenyewe imenyooka, imekwenda kila upande bila mpango. Ila ile tu iliyolala kingamo na mwanga ndiyo inayorudisha nuru machoni, na ndiyo inayojipanga kama pete kuzunguka taa. Ukiihamisha taa, pete inahamia kwenye mikwaruzo mingine.

Basi nikapiga polishi siku mbili. Gari likawa kama kioo, ukisimama kando yake unaweza kuhesabu vifungo vya shati lako. Dada akafurahi, mimi nikafurahi zaidi. Baada ya kuliosha mara nne au tano akarudi.

"Kaka, mikwaruzo imerudi."

Nikataka kumwambia ameosha vibaya, na nusu ya sentensi ilishatoka mdomoni. Kisha nikainama na tochi, nikaona ni mikwaruzo ile ile niliyoizoea, hata ule mmoja uliopinda karibu na kifuniko cha mafuta. Haikuwa imerudi. Haikuwahi kuondoka. Polishi nyingi zina mafuta yanayosaidia pedi iteleze, na mafuta hayo hujaa kwenye mabonde na kuyaficha. Ukipaka na nta juu yake umeyafunika kwa blanketi. Sabuni na maji vikapita mara kadhaa, blanketi likatoka. Nilikuwa nimemuuzia mafuta nikidhani nimemuuzia kazi.

Nikalirudia gari bila malipo, na safari hii kila kipande nilichomaliza nilikipangusa kwa alkoholi iliyochanganywa na maji ili mafuta yote yatoke, kisha nikakimulika kwa tochi ya LED kutoka pande tatu au nne. Nilichokiona baada ya pangusa ya kwanza kilinitia aibu. Robo tatu ya mikwaruzo ilikuwa palepale. Tangu siku hiyo sisemi kipande kimeisha kabla ya alkoholi na tochi, hata kama mwenye gari amesimama anasema kimependeza.

Lile gari jeusi lilikuwa na funzo jingine ambalo lilinikawiza zaidi. Klia za magari hazina ugumu mmoja. Zipo ngumu kama kigae, unapita mara nne na hazionyeshi dalili ya kusikia, na zipo laini kiasi kwamba hata taulo unalopangusia linaacha mistari. Hili lilikuwa la aina ya pili. Kadiri nilivyotumia kompaundi kali mikwaruzo mikubwa iliondoka, lakini nyuma yake ukabaki ukungu wa vijikwaruzo vidogo vilivyoachwa na pedi yenyewe. Nikaongeza nguvu, ukungu ukaongezeka. Kwa mtu aliyezoea kwamba juhudi huzaa matunda, hiyo ilikuwa dharau.

Alasiri moja nilijifungia na kipande cha boneti cha sentimita 50 kwa 50, nimekizungushia tepu, nikaamua sitoki hapo mpaka kinijibu. Nikaanza na pedi laini kuliko zote na polishi nyepesi kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikaangalia. Nikapanda ngazi moja tu, nikaangalia tena. Jibu lilikuja mapema ajabu. Lilikuwa pedi ya sponji ya wastani na polishi nyepesi, mashine ikienda polepole, na raundi ya mwisho nikauachia uzito wa mashine ufanye kazi bila kuongeza wangu. Gari lote lililobaki lilifuata njia hiyo hiyo. Siku mbili nilizozitumia mwanzoni nilizitumia kwa kukisia. Kipande cha majaribio kinakula saa moja, na kwenye saa hiyo ndimo ilimo akili yote ya kazi. Kinachofuata ni mkono tu.

Huo mkono nao una siri moja, ni kwenda polepole. Sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mstari juu ya mstari, kila mstari ukikalia nusu ya uliotangulia, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Anayeanza hukimbia kama anayepiga pasi huku basi linamsubiri. Nilikuwa hivyo. Ukikimbia, chembe za kompaundi hazipati muda wa kukata, na ukizirudia mara kumi kwa haraka umepasha joto bila kusawazisha kitu. Nilijizoeza kwa kuhesabu kimoyomoyo.

Na pedi zisafishwe! Hili watu hawapendi kusikia kwa sababu halina raha. Baada ya kipande kimoja au viwili pedi imejaa klia iliyokufa na kompaundi iliyokauka, na vitu hivyo vikigandana vinakuwa msasa. Brashi ngumu kidogo, sekunde kumi, au upepo wa kompresa. Kwa gari zima naandaa pedi tano au sita za aina moja, ile iliyolowa na kupata moto inapumzika. Nilipoanza nilitumia pedi mbili kwa gari zima, na nikawa nalaumu polishi.

Kuosha na kusafisha kabla ya polishi sitaki kukurefushia, kila mtu anajua kwamba gari chafu halipigwi polishi. Niseme tu kwamba gari lililooshwa bado si safi. Ingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni mwembamba uupitishe juu ya boneti, utasikia vijiwe. Ni vumbi la chuma la breki, lami, utomvu. Dawa ya kuondoa chuma huibadilisha rangi ya vumbi hilo kuwa zambarau na kuliyeyusha, na udongo maalumu wa kusafishia rangi hung'oa yaliyobaki, mradi rangi imelowa. Udongo ukianguka chini, tupa. Mimi niliwahi kuuokota, nikaukanda, nikasema si kitu. Chembe moja ya mchanga iliyojificha ndani yake ikaniandikia mstari wa nusu mita kwenye paa la gari langu mwenyewe. Bora lilikuwa langu.

Baadaye nilinunua kipimo cha unene wa rangi. Watu hudhani kinakuambia klia imebaki kiasi gani. Hakikuambii. Cha kawaida kinapima kila kitu kuanzia bati hadi juu, na kwenye bampa la plastiki hakisomi kabisa. Faida yake ni kulinganisha. Milango ikisoma 118, 121, 116, halafu boneti ikasoma 80, najua kuna mtu alipita hapa kabla yangu na hakuwa na huruma, na mimi siongezi. Ikisoma 300 najua pamepigwa rangi upya. Ikiruka mpaka 1,000 na zaidi, chini kuna pati, ile ya kujazia mibonyeo kabla ya rangi, na hapo gari linaanza kusimulia habari ambazo pengine mwenyewe hazijui. Imenitokea mtu kuninunia kwa kumwonyesha namba.

Kipimo hicho ndicho kilichonifanya niache kutumia maneno "bila dosari hata moja" ninapoongea na wateja. Niliyatumia sana zamani, yanauza. Mpaka siku bwana mmoja aliponiletea gari lenye mkwaruzo wa ufunguo kwenye buti. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Ukucha ukikwama ina maana bonde limeshuka sana, na kulisawazisha ni kuvishusha vilima vyote mpaka karibu na rangi yenyewe. Nikamweleza kwamba nitazilainisha kingo za mkwaruzo ili usishike mwanga, lakini sitauondoa.

"Wewe si ulisema bila dosari?"

"Nilisema, mzee. Nilikosea kusema."

Hakuridhika. Akanionyesha video ya mtu anayeuondoa mkwaruzo kama huo kwa msasa namba 2000 kisha kompaundi, ukatoweka kabisa. Ni kweli unatoweka. Kinachobaki hakionekani siku hiyo. Klia ndiyo iliyobeba dawa za kuzuia miale ya jua, na ukiiacha nyembamba kupita kiasi, jua linamalizia ulichokianza. Miezi inapita, sehemu hiyo inaingia weupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji, kisha inababuka. Alilichukua gari lake akaondoka na mkwaruzo wake, nami nikabaki nikijiuliza kama nimepoteza mteja kwa ukaidi. Nilipoteza, na bado nafikiri nilifanya sawa.

Maana jicho likishazoea tochi linapata ugonjwa. Unaanza kuona vitu ambavyo hakuna mtu mwingine duniani atakayeviona, na unataka kuvifuata vyote. Niliwahi kulirudia gari langu mara tatu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya mistari ambayo hata mke wangu, nilipomwonyesha na taa juu, aliniuliza, "Iko wapi?" Mara tatu, na kila mara nimepunguza. Sasa nikimaliza hatua ya mwisho nazima tochi, narudi nyuma hatua tano, nalitazama gari kama mpita njia. Kisha naweka kinga juu, nta au ile ya seramiki, na kazi imeisha.

Mjomba ndiye aliyenifundisha chanzo cha mikwaruzo yote ile, bila kukusudia. Miezi kadhaa baada ya kona, nilifika kwake alfajiri nikamkuta anapangusa gari kwa kitambaa kikavu, vumbi la usiku likiwa bado juu yake. Anazungusha mkono taratibu, kwa mapenzi. Nikamuuliza anafanya hivyo mara ngapi. "Kila siku. Gari halitunzwi hivi hivi." Miaka yote alikuwa akilipiga msasa kila asubuhi. Nikampelekea ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia, na glovu ya maikrofaiba, nikamwomba amwage maji kwanza kabla ya kugusa chochote. Alizipokea. Kitambaa kikavu nacho bado anacho, ila sasa anakitumia kwenye dashibodi, au ndivyo anavyoniambia.

Ule mlango niligharimia upigwe rangi upya, fundi akaulinganisha na mlango wa mbele kwa ustadi hata huoni tofauti. Kipimo ndicho kinachoiona. Gari zima linasoma kati ya 105 na 115, na mlango ule unasoma 240. Kila nikienda kulihudumia gari lake mjomba hunifuata na kiti, anakaa, ananitazama ninavyobandika tepu kwenye kona moja baada ya nyingine, mpaka nifike pale. Hapo huwa anacheka. "Hiyo iache wazi," ananiambia, "hiyo ndiyo peke yake huwezi kuimaliza."